Kuchora ukutani kisha kufuta: Nalini Malani aliishije?

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 33, nafundisha sanaa shule ya sekondari hapa Tanga. Jioni na siku za mapumziko nachora kwa mkaa kwenye kuta za magofu na nyumba zinazosubiri kubomolewa. Baada ya wiki chache mvua inafuta, au mwenye nyumba anapaka chokaa. Nimeona video ya mama mmoja wa Kihindi, Nalini Malani, anachora ukuta mzima ndani ya makumbusho ya Ulaya, na mwisho wa maonyesho mchoro unafutwa mbele ya watu. Nilishtuka, maana ndicho ninachofanya mimi bila kulipwa hata shilingi. Nimesoma kwamba alijulikana akiwa na zaidi ya miaka sitini, Wazungu walipomgundua. Ni kweli? Mtu anaishije kwa kazi inayofutwa? Nami niache ualimu nijitose, au nirudi kwenye picha za kuuzia watalii kama mume wangu anavyonishauri? Pia naambiwa nichague kitu kimoja: mkaa, rangi au video. Nimechanganyikiwa."*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi, lakini nadhani linalokunyima usingizi ni moja: ikiwa kazi yangu haibaki, je, nina kazi kweli? Nitalifikia. Kwanza tuliweke sawa hilo la kugunduliwa, kwa sababu limekufikia likiwa limepinda, na ukiliamini utakaa unangoja mtu aje akugundue.

Malani alizaliwa Karachi mwaka 1946. Mwaka uliofuata India ikagawanywa, Karachi ikawa Pakistan, na familia yake ikakimbilia Calcutta, kisha katika miaka ya hamsini ikahamia Bombay, mji unaoitwa Mumbai leo. Huko akasoma Sir J.J. School of Art hadi 1969. Angali mwanafunzi alipata nafasi ya kuchorea katika Bhulabhai Memorial Institute, jumba ambalo wachoraji, wanamuziki, wacheza ngoma na watu wa tamthilia walifanya kazi chini ya paa moja. Ukitaka kujua kwa nini kazi zake za uzeeni zina sauti, waigizaji na mwanga, usianzie Ulaya. Anzia kwenye jumba hilo.

Mwaka 1969 mchoraji Akbar Padamsee alitumia fedha za ufadhili aliokuwa ameupata kuanzisha karakana ya majaribio, Vision Exchange Workshop, ambamo wachoraji na watu wa filamu walitumia vifaa kwa pamoja. Malani alikuwa na miaka 23. Hapo akatengeneza *Dream Houses*, filamu fupi iliyopigwa fremu moja moja, inayoonyesha modeli ya majengo ikibadilika rangi. Miaka michache baadaye akaiweka sambamba na filamu ya nyeusi na nyeupe ya mwanamke kijana anayeutazama mji wa Bombay ulivyo hasa, na mabanda yake. Kazi hiyo ya picha mbili ubavu kwa ubavu aliiita *Utopia*, nayo ina tarehe ya 1969 hadi 1976. Kwa hiyo huyu mama aliyeonekana kwako kama ameibuka juzi alikuwa anafanya kazi za filamu zaidi ya nusu karne iliyopita, wakati wenzake wengi waliamini kwamba mchoraji ni mtu wa turubai tu.

Kati ya 1970 na 1972 alikuwa Paris kwa ufadhili wa serikali ya Ufaransa, kisha akarudi Bombay. Mwaka 1979 alitembelea New York, akakutana na wachoraji wanawake wa galari ya ushirika iitwayo A.I.R., waliochoka kusubiri kualikwa na galari za wanaume wakaanzisha yao. Akarudi nyumbani na wazo la maonyesho ya wachoraji wanawake peke yao nchini India. Lilichukua miaka. Hatimaye, kati ya 1987 na 1989, yeye na wenzake Arpita Singh, Madhvi Parekh na Nilima Sheikh wakazungusha maonyesho waliyoyaita *Through the Looking Glass* katika miji mbalimbali, kwenye kumbi zisizo za biashara. Wakati huo alikuwa na mtoto mdogo nyumbani. Binti yake Payal Kapadia, mwongozaji filamu aliyeshinda Grand Prix ya Cannes mwaka 2024, alizaliwa 1986. Nakutajia hili kwa sababu wanawake wengi wananiambia "nimechelewa, nina watoto", na ningependa ulifikirie kabla hujalisema.

Sasa hao Wazungu wanaodaiwa kumgundua. Tuanze na Asia. Kazi yake *Hamletmachine* ilitokana na kipindi alichoishi kama msanii mgeni Fukuoka, Japani, na mji huohuo ukampa tuzo yake ya sanaa mwaka 2013. Huko kwao, kazi aliyoifanya kutokana na hadithi fupi ya Saadat Hasan Manto, "Toba Tek Singh", ilionyeshwa mwaka 1999 katika Prince of Wales Museum ya Bombay. Hadithi hiyo inahusu wagonjwa wa akili wanaobadilishwa kati ya India na Pakistan baada ya mgawanyiko. Malani aliifanyia kazi baada ya India kufanya majaribio ya silaha za nyuklia mwaka 1998, akaweka televisheni ndani ya masanduku ya bati, yale ya wasafiri na wakimbizi, ambayo wewe na mimi tuliyajua bwenini. Aliyeingia makumbusho hayo alikuwa mtu yeyote wa Bombay, mwenye kununua sanaa na asiye na habari nayo.

Ulaya ilikuja baadaye, na ilikuja kwa kishindo: documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, mwaka 2012, majumba ya Centre Pompidou, Paris, mwaka 2017 na Castello di Rivoli karibu na Turin, Italia, mwaka 2018, kwa maonyesho ya sehemu mbili yaliyokusanya kazi zake tangu 1969, tuzo ya Joan Miró mwaka 2019, euro 70,000, na National Gallery ya London. Kisha Japani tena: mwaka 2023 tuzo ya Kyoto, yen milioni 100, akiwa na miaka 77. Umaarufu wa aina hiyo kweli ulimkuta mtu mzima. Ila jengo lilikuwa limesimama miaka arobaini. Waliochelewa kufika ni wageni.

Tuje kwenye kufuta.

Mwaka 1992 Malani alichora juu ya kuta za Gallery Chemould, Bombay. Kazi hiyo, *City of Desires*, ilidumu siku kumi na tano, kisha kuta zikapakwa chokaa. Hakufanya hivyo ili kushangaza watu. Huko Nathdwara, Rajasthan, michoro ya ukutani ya karne ya kumi na tisa ilikuwa ikiachwa iharibike, na hakuna aliyejali. Akaona afadhali watu waonje wenyewe ule uchungu wa kitu kizuri kupotea mbele ya macho yao. Desemba ya mwaka huohuo Msikiti wa Babri ulibomolewa Ayodhya, India, na Bombay ikaingia kwenye ghasia za umwagaji damu kati ya Wahindu na Waislamu. Baada ya hapo swali la nini kinafutwa, na nani anafuta, likawa zito kuliko ukuta wa galari. Kuanzia hapo amerudia kufuta mara nyingi katika nchi mbalimbali, akiifanya kazi ya kufuta iwe onyesho lenye mtendaji wake, muda wake na watazamaji wake.

Hapa ndipo kazi yako na yake zinapoachana, nami nitakwambia kwa upendo. Mchoro wako unafutwa na mvua usiku, hakuna anayeona. Wake unafutwa saa iliyotangazwa, watu wamesimama, kamera inazunguka. Kufuta kwake ni sehemu ya utunzi. Kwako, mpaka sasa, ni kitu kinachokupata. Nacho kinaweza kuwa utunzi pia, ila lazima ukiamue wewe: ukuta huu utaishi siku ngapi, nani ataarifiwa, nani atafuta na kwa nini, na nini kitabaki mkononi mwako. Haya yanagharimu simu yenye chaji na jirani wa kushika simu hiyo.

Nina jeraha langu katika jambo hili. Miaka mingi iliyopita nilisimamia maonyesho ya wanafunzi waliochora moja kwa moja ukutani, ukumbi mzima. Kesho yake ukumbi ulipakwa rangi kwa ajili ya harusi. Nilikuwa na picha mbili, zote zina ukungu. Mwanafunzi mmoja, hodari kuliko wote, alipoomba nafasi ya masomo nje alitakiwa kuonyesha kazi kumi. Hakuwa nazo, na kosa lilikuwa langu mimi niliyekuwa mkubwa pale. Tangu siku hiyo sikubali mtu achore ukuta bila kwanza kunionyesha atapiga picha kutokea wapi.

Jambo la pili ambalo video uliyoiona haikukuonyesha: Malani hakuwahi kutegemea ukuta peke yake. Sambamba na kuta alikuwa na rangi za maji, picha za mafuta, vitabu vya michoro, na baadaye picha za nyuma ya kioo. Hizi nataka nikueleze taratibu, kwa sababu ndani yake kuna somo la ufundi na la riziki kwa pamoja.

Kuchora nyuma ya kioo ni ufundi ulioingia India kutoka China katika karne ya kumi na nane. Malani aliupata kwa mchoraji mwenzake Bhupen Khakhar. Unachora upande wa nyuma wa kitu kiangavu, mtazamaji anaona kupitia mbele. Maana yake mpangilio wote unageuka. Kwenye turubai unaanza na mandhari ya nyuma, ukimalizia na kile kidoa cheupe ndani ya jicho. Kwenye kioo kidoa hicho ndicho cha kwanza. Kisha mboni, kisha jicho, kisha uso, na mandhari yanakuja mwisho kufunika yote. Huwezi kurudi nyuma kurekebisha, kwa kuwa kosa lako limeshafunikwa kwa upande wako na liko wazi kwa upande wa mtazamaji. Lazima uwe umeiona picha yote kichwani kabla ya kugusa brashi. Wape wanafunzi wako zoezi hili kwa vipande vya plastiki ngumu. Darasa litanyamaza lenyewe.

Sasa tazama alivyolipeleka mbali. Badala ya kioo alichukua plastiki nyembamba angavu, mylar, akaichora kwa nyuma, akaikunja iwe mfano wa pipa lisilo na kifuniko, akaitundika darini ikizunguka polepole, na kupitisha mwanga wa projekta katikati yake. Rangi nzito inazuia mwanga, ukutani panatokea kivuli cheusi. Rangi nyepesi inapitisha mwanga, panatokea doa la rangi. Pipa linazunguka, basi vivuli vinatembea, vinapishana na video, vinapita juu ya mwili wa mtazamaji aliyesimama chumbani. *In Search of Vanished Blood*, iliyoonyeshwa Kassel mwaka 2012, ina mapipa matano ya namna hiyo, video sita na sauti. Watu wanaona teknolojia. Mimi naona kibatari, karatasi na ukuta, mchezo wa vivuli ambao mtoto yeyote aliyekulia bila umeme anaujua, uliotiwa akili ya miaka arobaini.

Na riziki je? Mchoro wa ukutani unapokwisha, kazi za namna hii hubaki katika vitu vinavyohesabika. Chumba kizima kinaweza kununuliwa na makumbusho: mapipa, mafaili ya video, maelekezo ya kutundika, na hati yenye saini. Video huuzwa kwa idadi maalumu ya nakala, tuseme tano au sita, kila nakala na hati yake, na msanii haongezi nyingine. Ahadi hiyo ndiyo inayoipa thamani, kwani faili lenyewe mtu angeweza kulinakili kwa dakika moja. Mchoro wa ukutani unaweza usiuzwe kabisa, lakini jumba lililokualika likakulipa ada ya kuufanya, pamoja na nauli na vifaa. Hapo msanii analipwa kama mwanamuziki anavyolipwa kwa kupiga jukwaani, wala hakuna anayemwuliza mwanamuziki sauti yake imebaki wapi. Na kuna ufadhili na tuzo, ambazo hazipangiki, kwa hiyo usiziweke kwenye bajeti ya nyumbani.

Utaniambia hapa kwetu makumbusho yanayonunua vyumba vizima hayapo. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na sitakudanganya. Malani alikuwa na Bombay, mji wenye galari, wakusanyaji na chuo cha sanaa cha tangu karne ya kumi na tisa. Alikuwa na baba mwenye ajira nzuri katika shirika la ndege. Kipaji chake hakina shaka, lakini kipaji kilikuwa na mahali pa kukanyaga. Tanga yako ina vingine, na uwanja wake ni mwembamba zaidi.

Kwa hiyo usiache ualimu sasa. Siogopi kujitosa, naogopa kumwona mtu anajitosa akiwa na kuta zilizofutika na picha za simu zisizopangwa. Mshahara wako leo ndio jumba lako la ufadhili. Jipe miaka miwili ya kujenga rundo la kazi linaloonekana, kisha tuliongee tena ukiwa na kitu mezani.

Kuhusu picha za watalii, usimkasirikie mumeo. Anaona ada za watoto. Picha ya kuuzia watalii ni kazi halali, nimeifanya. Hatari yake ni mkono: ukichora tembo yuleyule chini ya Kilimanjaro mara mia mbili, mkono unajifunza kutoangalia. Ukihitaji fedha, uza kitu kinachotoka kwenye kuta zako. Piga picha sehemu ndogo ya mchoro, au chora upya kwenye karatasi nzuri kile ulichokipenda, weka tarehe, mahali na saini, chapisha nakala chache zenye namba. Hazitauzika haraka kama tembo. Lakini kila inayouzika inakurudisha ukutani badala ya kukutoa.

Na wale wanaokuambia uchague kimoja? Malani hakuchagua. Alipofika zaidi ya miaka sabini alianza kuchora kwa kidole cha shahada juu ya iPad, michoro inayotembea. Ndiyo iliyokuwa *Can You Hear Me?*, filamu fupifupi 88 zilizojaza chumba cha Whitechapel Gallery, London, mwaka 2020. Mojawapo ya vilivyomsukuma ni kisa cha mtoto wa kike wa miaka minane aliyebakwa na kuuawa Kathua, kaskazini mwa India, mwaka 2018. Kutoka mkaa hadi iPad anauliza kitu kilekile: nani anazungumza bila kusikilizwa, hasa akiwa mwanamke au mtoto. Ndiyo maana kubadilisha kifaa hakumtawanyi. Wewe jiulize ukuta wako unauliza nini. Hukuniambia katika barua yako unachora nini hasa, na hilo limenishughulisha kuliko yote. Umeniambia mkaa, umeniambia mvua. Nyuso ni za nani?

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Magofu ya pwani, kama yale ya Tongoni, yanalindwa kisheria. Mkaa unaingia ndani ya lipu ya chokaa ya zamani na kuusafisha kunaweza kubomoa kile ulichotaka kukiheshimu. Usiguse gofu lolote kabla ya kwenda kwa watu wa Mambo ya Kale kuuliza, ana kwa ana. Kwa nyumba za watu, pata ruhusa ya mwenyewe kwa maandishi, na mwombe fundi mwashi azungukie jengo pamoja nawe. Ukuta unaosubiri kubomolewa hausubiri siku iliyopangwa. Ukipewa mkataba wowote wa maonyesho au wa kutumia picha zako, usisaini kabla mwanasheria hajausoma, na nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize kuhusu kusajili kazi zako. Tena, umeandika kwamba umechanganyikiwa. Ikiwa ni uchovu wa kawaida wa mtu mwenye kazi mbili, utapungua ukipanga. Ikiwa hulali, huli, au unaona heri usingekuwepo, hilo usilipeleke ukutani kwanza. Lipeleke hospitali, leo, na mumeo akusindikize.

Zaidi ya hayo, tafuta mtu anayejua kutazama aje asimame mbele ya ukuta wako ungali mzima. Picha ya simu haionyeshi ukubwa wala shinikizo la mkono, na mtu akikushauri kwa kutazama simu anaishauri simu.

Wiki hii chagua ukuta mmoja wenye ruhusa. Piga picha kabla hujagusa, kila jioni kutoka sehemu ileile, na siku ya kufuta. Waalike watu kumi, wanafunzi wako wakiwemo, na mmoja wao ndiye afute. Nitumie picha zote, hata zenye ukungu, na uniandikie nyuso zile ni za nani.